Hieronimo kageuzwa kichaa wa sokoni, nami nimelipa tiketi kuona upuuzi huo

Wakuu, mnivumilie, bado nina hasira.

Jana usiku hapa London nilikwenda kutazama The Spanish Tragedy, tamthilia ya kale ya kisasi ya Thomas Kyd. Kikundi sikitaji. Taa zinawaka tu, Hieronimo, mhusika mkuu, huyo hapo: nywele timtim, macho yamemtoka, anaongea na vidole vyake. Jamani, mwanawe bado yu hai! Horatio ndiyo kwanza karudi vitani kifua mbele, baba anajivunia mtoto mbele ya mfalme wa Hispania, tena anaandaa burudani ya karamuni. Huyo kapagawa na nini?

Kwa wasioujua: Lorenzo, mpwa wa mfalme, na Balthazar, mwana wa mtawala wa Ureno, wanamnyonga Horatio usiku kwenye bustani ya baba yake. Mzee anakurupuka kitandani, anaukata mwili kutoka kwenye kamba, ndipo anautambua. Baadaye inamdondokea barua ya Bel-imperia, dada yake Lorenzo na mpenzi wa Horatio, imeandikwa kwa damu, inataja wauaji. Mwendawazimu angekimbilia upanga. Huyu anasita, anasema huenda ni mtego, ngoja nichunguze. Mpaka barua nyingine inakutwa kwa Pedringano, mtumishi aliyewasaidia wauaji kisha akanyongwa, ndipo anaamini ile ya kwanza. Ni hakimu! Pedringano mwenyewe kahukumiwa na yeye. Anawatolea wengine hukumu, ya mwanawe hana wa kumtolea.

Hiyo sehemu ya kusita wameikata yote. Kasoma barua, kacheka kama fisi, giza.

Lililoniumiza zaidi ni pale anapokwenda kwa mfalme kulilia haki. Lorenzo anamzuia njiani, mzee anachimba ardhi kwa kisu. Mfalme anauliza ana nini huyu. Nani anajibu? Lorenzo! Eti mzee karukwa na akili kwa kiburi na tamaa ya fidia ya kumkomboa Balthazar, ambaye Horatio alimteka vitani, afadhali avuliwe uhakimu. Neno "kichaa" linatoka kinywani mwa muuaji, wakuu, na kikundi kizima kimelibeba kama lilivyo!

Sikatai kwamba anayumba. Mzee Bazulto anapoleta madai ya mwanawe aliyeuawa, Hieronimo anararua hati za watu kwa meno na kumwona Horatio katika uso wa yule mzee. Lakini akili inamrudia. Anamwambia aegemee mkono wake, waende ndani kwa Isabella, mke wa Hieronimo. Inakuja na kuondoka kama homa. Bazulto naye wamemkata. Isabella, ambaye ndiye aliyerukwa kabisa mpaka anafyeka bustani ile na kujiua, kapewa kama dakika moja.

Mlangoni nikamuuliza mwongozaji. Akanijibu kwa dharau kwamba ukurasa wa jina wa toleo la 1615 wenyewe unasema Hieronimo kapandwa na wazimu tena. Ndugu yangu, hilo ni tangazo la wauza vitabu! Hata toleo la 1602 lilipachikwa vipande vitano vipya, wazimu ukazidi, maana wateja waliupenda. (Kile cha mchoraji nakipenda hata mimi, sifichi.)

Tena kichaa gani anapanga mchezo ndani ya mchezo, anawagawia wauaji nafasi, kila mmoja na lugha yake: Balthazar Kilatini, Lorenzo Kiitaliano, Bel-imperia Kifaransa, yeye Kigiriki? Visu ni vya kweli, wauaji wanakufa kweli, watazamaji wanadhani ni maigizo, wanapiga makofi.

Halafu anajing'ata ulimi, anaomba kisu cha kuchongea kalamu, anamchoma baba yake Lorenzo, ambaye hakumuua Horatio. Hapo ndipo hata mimi nashindwa kumtetea. Hapo ndipo ukumbi ulipaswa kunyamaza, kila mtu ajiulize huyu bado ni hakimu au keshapotea. Jana watu walicheka. Wangeachaje, wakati wameonyeshwa kichaa tangu dakika ya kwanza?

Mwenye rekodi ya onyesho lolote ambalo Bazulto hajakatwa, anitumie PM.