Naomba ushauri: taa za vioo vya kupuliza juu ya meza ya chakula

Habari zenu ndugu zangu. Namalizia nyumba hapa Arusha. Juzi nilipita karakana ya Shanga, pale wanapoyeyusha chupa zilizotumika na kuzipuliza upya kwa mdomo, kazi inayofanywa na mafundi wenye ulemavu. Nilisimama pale tanuruni muda mrefu. Tangu siku hiyo sitaki tena taa za dukani zinazofanana zote. Natamani taa tatu za kuning'inia za kioo kile, chenye viputo vyake na unene usiolingana.

Shida yangu kubwa ni dari. Nimeweka jipsamu, na taa moja yenye waya na holda inaweza kufika kilo mbili na zaidi. Fundi wangu wa umeme anasema skrubu na plagi za plastiki za kushikia skrubu zinatosha. Mimi naogopa, watoto wanakaa chini yake kila siku. Je, nitoboe dari nifunge kwenye mbao za paa, au kuna njia nyingine mliyoitumia ikadumu?

Pia rangi. Mke wangu anapenda bluu, ila nahisi itafanya chakula kionekane kibaya usiku. Nafikiria kioo cheupe au cha kaharabu (rangi kama ya asali), na balbu za LED za mwanga wa manjano-manjano, zilizoandikwa 2700K. Nimepanga zining'inie sentimita 75 hivi juu ya meza yenye urefu wa mita 2.

Waliowahi kufunga taa za namna hii, mlifanyaje? Na vumbi la kiangazi mnalifutaje bila kukwaruza kioo?