Mjadala: Je, kunguru wa Malindi wapigwe kwa bunduki ya upepo?

Mtoa hoja, Malindi:

Assalamu alaikum ndugu zangu. Swali ninaloliweka mbele yenu ni hili: je, mwenye nyumba hapa Malindi aruhusiwe kuwapiga kunguru wa Kihindi uani kwake kwa bunduki ya upepo, au kazi hiyo iachiwe Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, pamoja na sumu yake? Mwezi Juni 2024 shirika hilo lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka ule kwisha, na tangu hapo mitaani kwetu kila mtu ana rai yake, wengine wakitaka bunduki iwe ruhusa kwa wote na wengine wakitaka isitajwe kabisa.

Ndege huyu si wa kwetu. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 kutoka Bara Hindi ili ale taka za mji, akaonekana Mombasa mwaka 1947, kisha akapanda na pwani akifuata majaa na masoko ya samaki. Anayefuga kuku anayajua mazoea yake: hutua ukutani, huinamisha kichwa upande mmoja, humngoja mama kuku ageuke, kisha hushuka na kumkamata kifaranga shingoni na kupaa naye hadi juu ya mabati, ambako humpigapiga mpaka anyamaze. Kwa kwera ni vivyo hivyo, isipokuwa huko hukichana kiota ubavuni na kuwatoa makinda mmoja mmoja. Kwa hiyo sibishani na anayesema kwamba ni lazima wapunguzwe. Nabishana juu ya namna.

Wapo wanaosema kuwa kunguru ni miongoni mwa wale wanyama watano ambao hadithi ya Mtume imeruhusu wauawe hata ndani ya Haram, eneo takatifu la Makka, basi hakuna la kuulizana. Hadithi hiyo ipo. Lakini ipo pia iliyotuamrisha ihsani, yaani kutenda kwa wema, katika kila jambo, hata tunapoua na tunapochinja, na ipo iliyokataza kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha. Aliyepewa ruhusa ya kuua hakupewa ruhusa ya kutesa, na mjadala wetu wote umo ndani ya tofauti hiyo.

Rai yangu ni kwamba bunduki ya upepo iruhusiwe, ila kibali kifuate mtu na mahali, kisimfuate kila mwenye ua na kuku. Sababu yangu ni ya kiufundi kabla ya kuwa ya huruma. Bunduki ya kawaida ya aina hii, yenye risasi za milimita 4.5 au 5.5, haina nguvu ya bunduki ya baruti. Haiui kwa kishindo, huua kwa kupiga mahali penyewe. Kwa kunguru, mahali hapo ni kichwa, ambacho ni kidogo na hakitulii, au kifua penye moyo na mapafu. Ukimpiga bawa, ataruka kwa mguu na bawa moja hadi chini ya mkilifi wa jirani, na huko atakaa siku mbili akifa kwa kiu huku sisungusungu wakimpanda. Nimemwona ndege wa namna hiyo, jicho lake likiwa wazi na mdomo ukiwa umeachama, na aliyempiga alikuwa ameshaingia ndani kunywa chai.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: asiyeweza kuweka risasi tano mfululizo katika duara la milimita 25, upana unaokaribia sarafu ya shilingi ishirini, kwa umbali ule ule atakaompigia ndege, asimnyooshee ndege bunduki. Kwa wengi wetu umbali huo hautazidi mita 20 au 25, na siku ya kusi kali hupungua zaidi, kwa kuwa risasi nyepesi husukumwa na upepo. Bunduki iwe imesawazishwa na darubini yake, na ipimwe upya kila inapoangushwa au inapobadilishiwa aina ya risasi. Mpigaji awe na risasi ya pili tayari na nia ya kumfuata ndege mara moja ikiwa kwa ile ya kwanza hakufa.

Mahali nako kuna mambo yake, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Anayempiga kunguru aliye kileleni mwa mnazi anapiga mbinguni, na risasi iliyomkosa ndege hupita juu ya paa mbili tatu na kuteremka asikokujua, pengine uani kwa watu wanaoanika nguo. Ukuta wa mawe ya matumbawe huirudisha risasi. Paa la makuti huipitisha. Pigo la salama ni la kutoka juu kwenda chini, kwa mfano kutoka dirisha la ghorofani, ndege akiwa ameshuka kwenye matumbo ya samaki yaliyowekwa mbele ya chungu ya mchanga. Hapo risasi ikikosa inazikwa. Nyua zenye nafasi hiyo zipo Malindi, hasa kwenye viwanja vikubwa vya pembezoni; katika vichochoro vya Shela yetu ya hapa Malindi hazipo, na huko sitaki kumwona mtu na bunduki.

Tena mpigaji amtambue ndege wake. Kunguru wa Kihindi ana shingo ya kijivu. Kunguru wetu wa asili ana kifua na shingo nyeupe, na huyo hana kosa lolote.

Ama ile sumu ya KWS, inayoitwa Starlicide, siikatai. Inawadhuru kunguru kuliko ndege wengine wengi, na kwa kundi la maelfu hakuna bunduki itakayofua dafu. Lakini tusiseme kwamba ndiyo njia ya huruma na bunduki ndiyo ukatili, kwa sababu ndege aliyeila hafi papo hapo; figo humharibika, naye hufa baada ya saa nyingi, pengine siku moja au mbili. Risasi iliyopiga ubongo haimpi hata nafasi ya kusikia maumivu. Ninachokikataa bila masharti ni wale wanaochanganya dawa za shambani na nyama na kuzitupa nje, wakawaua paka, mwewe na mbwa wa watu.

Mchangiaji, Langoni, Lamu:

Waalaikumu salaam, Maalim wangu. Nimekusoma mpaka mwisho, na kipimo chako cha sarafu nimekipenda, lakini nakuuliza: nani atakayesimama na sarafu hiyo? Kibali kikishatolewa, bunduki itakaa nyumbani, na nyumbani kuna vijana. Mtoto aliyekulia na manati hatatofautisha kunguru na njiwa, wala kunguru na punda wa jirani aliyefungwa chini ya dirisha. Hapa mjini kwetu nyumba zimeegemeana, daka la huyu linatazama daka la yule, na juu ya dari ndiko wanawake wanakopumzikia jioni. Isitoshe, tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, mtu anayeonekana darini na kitu chenye mtutu hataulizwa kwanza kama anawinda kunguru.

Kisha, Maalim, umetaja jaa kwa neno moja ukapita. Kunguru hutaga mayai matatu hadi matano. Ukiwaua wawili leo na chakula kipo pale pale, nafasi yao itajazwa kabla hujaisafisha bunduki. Mimi naona tufunike taka, matumbo ya samaki yazikwe au yarudishwe baharini mbali na diko, viota vishushwe kabla mayai hayajaanguliwa, na itengenezwe mitego ya tundu yenye kunguru hai wa kuwavuta wenzake, akiwa na maji na kivuli. Anayekamatwa humo huuawa na mtu aliye karibu naye, hakosewi.

Mtoa hoja, Malindi:

Dada yangu, kuhusu Lamu mjini tuko pamoja. Kwa kipimo changu mwenyewe cha mahali, mji wa kale haupati hata kibali kimoja, na sitaki mtu achukue maneno yangu ya Malindi ayatumie darini kwenu.

Kuhusu jaa umesema kweli, na ndiyo maana siiweki bunduki mwanzo. Taka kwanza, kisha viota, kisha mitego. Lakini nawe unajua tabia ya kunguru: akishaona wenzake wakitolewa tunduni hakaribii tena tundu lile, na wanaobaki ndio werevu zaidi, ndio wanaorudi kwenye banda lile lile la kuku kila alfajiri. Hao ndio wa bunduki, mmoja au wawili kwa siku kisha mpigaji anaacha, kwani kundi likishakusanyika kumpigia kelele maiti, hakuna ndege atakayetulia apigwe vizuri.

Nani atasimama na sarafu? Pendekezo langu ni kwamba bunduki zisikae majumbani kabisa. Kaunti ikishirikiana na KWS iwe na wapigaji wachache waliofunzwa, waliokaguliwa na bodi ya leseni za silaha, wanaopimwa shabaha kila mwaka, na mwenye ua awaite kama anavyomwita fundi. Wakague ua, wakiona hakuna pa kuizika risasi, wakatae na kuweka mtego badala yake. Kila maiti ichukuliwe na kuzikwa, kwa sababu madini ya risasi yaliyobaki mwilini humdhuru paka au mwewe atakayeila. Ndege mwenye makinda aachwe mpaka kiota kishushwe, ili wasife njaa humo.

Wenye hoja juu ya gharama ya wapigaji hao, na nani ailipe kati ya kaunti, mahoteli na wenye nyua, nawakaribisha.