Grisi yangu imegeuka uji kwenye mota ya kiwanda cha saruji, nimekosea wapi?

Mgeni wa Oili

Wakuu habari zenu. Naomba msaada, na nitaeleza yote bila kuficha.

Nilikuwa nauzia gereji tu. Safari hii nimepata mkataba wa kupeleka vilainishi kwenye kiwanda cha saruji. Oili ya giaboksi, ISO VG 320 (namba ya mnato wake), haijaleta shida hata moja. Shida ni grisi. Niliyopeleka ni ya lithiamu kompleksi, NLGI 2. Pipa la zamani nililolikuta stoo nalo liliandikwa NLGI 2, na rangi ni ileile ya buluu. Nikaona nimepatia.

Wiki ya tatu nikaitwa. Mota ya feni kubwa ya tanuri, beringi ya upande wa feni: grisi inachuruzika kwenye sili kama uji mwepesi, imeteremka mpaka kwenye bolti za msingi, na vumbi la klinka (vile vibonge vya saruji kabla ya kusagwa) limeganda juu yake. Beringi inaunguruma. Meneja wa matengenezo alichota kidogo kwa kidole, akanionyesha, akaniuliza, "Hii ndiyo uliyoniuzia?" Nilikosa jibu. Ndoo yangu ambayo haijafunguliwa, grisi yake iko imara kabisa. Nimjibu nini?

Mzee wa Tanuri

Kijana, grisi yako yaweza kuwa nzima na kosa bado likawa lako. Nimepaka grisi kwenye tanuri miaka mingi kabla sijaanza kuuza, kwa hiyo nisikilize.

Hiyo namba 2 inakueleza ugumu wa grisi, basi. Maabara wanaidondoshea koni kwa nyuzi 25, inazama kati ya 265 na 295, yaani sehemu za kumi za milimita. Namba hiyo haisemi oili iliyomo ndani ina mnato gani, wala kilichoishika oili hiyo ni kitu gani. Rangi ndiyo usiitazame kabisa, hutiwa tu wakati wa kutengeneza.

Mota nyingi za umeme hutoka kwa mtengenezaji zikiwa na grisi ya poliurea, yaani oili yake imeshikwa na poliurea, si lithiamu kama yako. Ukiikutanisha na lithiamu kompleksi, mara nyingi hazipatani: kile kinachoshika oili kinaachia, na oili inakimbia. Mimi nilishawahi kuifanya kwa mikono yangu, zamu ya usiku, feni ya kupozea klinka. Bomba la grisi lilikuwa moja kwa mashine zote. Asubuhi sakafu ilikuwa inateleza chini ya mota, na ule mlio wa beringi kavu sijausahau.

Usibishane na meneja. Omba grisi ile ya zamani, changanya nusu kwa nusu na yako, fanya pia sehemu 10 kwa 90 na 90 kwa 10. Weka vikombe mahali penye joto usiku kucha, na kando yake kila grisi peke yake. Mchanganyiko ukiwa mwepesi kuliko zote mbili, jibu umelipata. Ukiwa na shaka peleka maabara, wana kipimo chake na wanatumia viwango hivyohivyo vitatu.

Beringi inayounguruma isisukumiwe grisi nyingine. Ifunguliwe, ioshwe, ikaguliwe.

Stoo Kuu

Mzee amemaliza la grisi. Mimi niongeze la mapipa, maana ndiyo kazi yangu. Umesema oili haina shida. Umeangalia inakaa wapi? Pipa likisimama wima nje, mvua inatuama juu ya mfuniko. Mchana oili inatanuka, usiku inapoa, na pipa linavuta yale maji kupitia vizibo, hata kama vimekazwa. Kama hakuna paa, laza pipa ubavu, vizibo vyote viwili viwe usawa mmoja na vifunikwe na oili kwa ndani.

Na kila grisi iwe na bomba lake lenye alama yake. Mwambie mhifadhi wa stoo taratibu, usimfokee, maana yeye ndiye atakayekuwepo wewe ukishaondoka.

Mgeni wa Oili

Nimerudi. Mzee, ilikuwa poliurea. Nimeitafuta kwenye kitabu cha mota, ukurasa wa beringi, imeandikwa waziwazi. Kitabu hicho kilikuwepo ofisini kwao siku ile ya kwanza na sikukiomba. Kikombe cha nusu kwa nusu asubuhi nilikiinamisha, kikamwagika. Vile vingine viwili vilibaki vimeshika.

Nilikipeleka kwa meneja pamoja na kitabu, nikamwambia nilipaswa kuuliza kabla ya kupeleka. Alikaa kimya kidogo, kisha akamwita fundi wa zamu aje aone kikombe.

Sasa napita mashine kwa mashine na daftari, naandika kila nukta inayopakwa grisi, ina nini ndani na mara ngapi. Nimekuta mota nne nyingine zilizotiwa yangu, bado hazijaanza kuunguruma. Hizo nifanyeje?

Mzee wa Tanuri

Fungueni kizibo cha chini cha kutolea, mota ikiwa inazunguka. Sukumeni poliurea kidogo kidogo, mkisubiri kati ya kila msukumo, mpaka itoke safi. Kisha zipakwe kwa vipindi vifupi kuliko kawaida, na pimeni joto la kila beringi kila zamu. Ile beringi mbovu wakiitoa, omba uione kabla haijatupwa.