Shangazi ana kompyuta ya mezani, na leo imetoa tangazo

*Kikundi: Familia Yetu*
*Jumamosi*

Shangazi Rehema: Hamjambo wote. Nimewasha kompyuta nimalizie hesabu za chama, skrini nzima imejaa tangazo. Eti Windows 10 imefika mwisho wa msaada. Nibonyeze wapi nisije nikaharibu?

Shangazi Rehema: 📷 Picha

Salma: Shikamoo shangazi. Usibonyeze kitu kwanza, ngoja kaka Idi aamke

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Huyo huamka saa ngapi?

Mjomba Hamisi: Shemeji usibabaike. Hao wanataka ununue kompyuta mpya. Hii yangu ina Windows 7, msaada wake ulikwisha zamani sana, na kila asubuhi inawaka.

Idi: Nimeamka jamani. Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba. Msaada wa Windows 7 ulikwisha tarehe 14 Januari 2020.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Sasa nimekufa?

Salma: Mjomba si wewe wiki iliyopita ulisema tovuti hazifunguki

Mjomba Hamisi: Hizo ni tovuti mbovu.

Salma: 😂😂 Kivinjari chako ni Chrome, na Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni toleo la 109. Toka Februari 2023 hujapata jipya. Tovuti nzima, kivinjari ndicho kizee

Baba: IDI, KUKOMA MSAADA MAANA YAKE INAZIMIKA?

Mama: Baba Idi, toa herufi kubwa, unatupigia kelele

Idi: Haizimiki, baba. Itawaka kama jana, mafaili yatafunguka, printa itachapa. Kilichokatika tarehe 14 Oktoba 2025 ni viraka. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya kuziba matundu ya usalama, na Windows 10 ya kawaida imeshaondolewa kwenye mgao huo.

Idi: Ubaya wenyewe uko hapa. Windows 10 na 11 ni ndugu wa tumbo moja, ndani wanafanana mno. Tundu likizibwa kwenye 11, wadukuzi wanakichambua kile kiraka waone kimeziba wapi, halafu wanakwenda kugonga palepale kwenye 10. Kiraka cha jirani kinageuka ramani ya nyumba yako.

Mjomba Hamisi: Nani ana shida ya kunidukua mimi? Nina picha za harusi na barua mbili tatu.

Idi: Hakutafuti wewe, mjomba. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilijitembeza chenyewe toka kompyuta hadi kompyuta, kinafunga mafaili na kudai malipo. Hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa kwa maelfu. Hakuna aliyekuwa amekaa mahali anachagua majina.

Salma: Na nyingi zilizoumwa zilikuwa Windows 7, ambayo wakati ule bado ilikuwa inapata viraka vya usalama. Kiraka kilitoka Machi, kirusi kikaja Mei. Watu walikiona wakasema "nitaweka kesho"

Mjomba Hamisi: Aa! Kumbe hata mwenye msaada aliumwa!

Idi: Mwenye msaada asiyeweka kiraka ndiye aliyeumwa 😅

Shangazi Rehema: Haya nimeelewa. Basi nihamie hiyo 11 leo leo niondokane na maneno.

Idi: Hapo sasa subiri, shangazi. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha Enter. Tafuta mstari wa Processor, yaani ubongo wa kompyuta, unisomee.

Shangazi Rehema: Intel(R) Core(TM) i5-6500

Idi: Hiyo 6 inayofuata kile kistari ndiyo kizazi chake. Kizazi cha sita. Windows 11 kwa Intel huanzia kizazi cha nane, ukitoa prosesa chache za kizazi cha saba. Hata tukijaza RAM na diski mpya, kwenye orodha haumo.

Shangazi Rehema: Mashine nzima hii, haijawahi hata kukohoa!

Mjomba Hamisi: Nilisema mimi. Kununua.

Mjomba Hamisi: Shemeji, kuna fundi namfahamu ana njia ya panya. Anaisukumia 11 kwa nguvu, inaingia.

Idi: Kuingia inaingia. Ila Microsoft wanasema wazi kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina hakika ya kupata masasisho. Tunahama kwa sababu ya viraka, halafu tunafikia kwenye nyumba ambayo viraka vyake ni bahati nasibu? Kwa kompyuta ya kuchezea sawa. Kwa hesabu za watu, mimi simo.

Baba: yangu ni i5-8400. nayo iliniambia haifai. mbona ni kizazi cha nane?

Mama: Ahsante kwa herufi ndogo 🙏

Idi: Baba, yako ni kesi nyingine kabisa. Windows 11 inadai pia TPM 2.0, kisehemu cha kutunzia funguo za siri. Kwenye kompyuta nyingi za mezani kimo ndani ya prosesa yenyewe, ila kimezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kwa Intel kinaitwa PTT, kwa AMD fTPM. Ukiuliza mashine inakwambia haifai, kumbe ni swichi tu haijawashwa.

Idi: Hapohapo kwenye msinfo32 soma BIOS Mode. Imeandikwa UEFI, mtindo mpya wa kuwaka, au Legacy, mtindo wa zamani?

Baba: uefi

Idi: Salama. Ingekuwa Legacy tungelazimika kwanza kubadili mpangilio wa diski, na ukigeuza kule BIOS kabla ya kubadili diski, kompyuta inawaka halafu haioni Windows. Nakuja Jumapili ya wiki ijayo. Usiguse kitu.

Baba: sijagusa

Mama: Ameshafungua ile skrini ya bluu

Idi: BABA TOKA BILA KUHIFADHI

Mama: Na wewe herufi hizo

Salma: 🤣🤣🤣

Baba: nimetoka. sasa nikishawashiwa hiyo tpm nihame siku hiyohiyo?

Idi: Kwanza skana yako. Ingia kwenye tovuti ya waliyoitengeneza utazame kama wana programu yake ya Windows 11. Ikiwa hawana, uamue mwenyewe kama unaihitaji.

Salma: Baba msikilize. Mimi mwaka jana nilihamia 11 saa nne usiku, ripoti natakiwa kuikabidhi asubuhi. Nikajisemea ni dakika arobaini tu. Ikafika asilimia 73 ikatulia hapo, mimi natazama namba kama natazama chungu kichemke. Saa saba ikawaka, vizuri kabisa, printa haionekani. Nimeipandikiza upya mara tatu, haioni. Saa tisa usiku nikakumbuka kuna kitufe cha kurudi toleo la zamani, kinakaa siku 10 tu tangu uhame. Nikarudi. Nimechapa ripoti jua limeshatoka

Mama: Ndiyo maana siku ile ulilala mpaka jioni

Salma: Tena 11 haikuwa na kosa lolote. Nilihamia siku isiyo yake. Mwezi uliofuata nimehama Jumamosi sina kazi, na programu ya printa nimeshaipakua pembeni. Muda wa saa moja na nusu tu, kwisha

Shangazi Rehema: Sasa mimi je? Hesabu za mwaka nazifunga Februari. Kununua sasa hivi siwezi, kuhama siruhusiwi, kubaki mnasema ni hatari.

Idi: Kuna mlango wa katikati, shangazi. Microsoft wameweka mpango wa viraka vya ziada kwa watu wa majumbani, unaitwa ESU. Unaishia tarehe 13 Oktoba 2026. Unalipa dola 30 mara moja, au unatoa pointi 1000 za Microsoft Rewards, au hulipi kitu ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Kwa akaunti moja unaweza kusajili mpaka kompyuta 10.

Shangazi Rehema: Mimi sina akaunti yao. Nafungua kwa jina langu tu.

Idi: Utaifungua, njia zote tatu zinaitaka. Na Windows yako iwe 22H2, toleo la mwisho la 10. Ukitimiza hayo, kiungo cha kujiandikisha utakiona kwenye ukurasa wa Windows Update.

Mjomba Hamisi: Kwa hiyo anaahirisha tu. Na Oktoba ikifika?

Idi: Anaahirisha kwa kusudi, mjomba. Viraka vinaendelea, Februari anafunga hesabu akiwa ametulia, kuanzia Machi anatafuta kompyuta bila kukimbizwa. Anayenunua Oktoba 12 hununua chochote kilichopo.

Shangazi Rehema: Hapo umenena. Na nakala ya hesabu nimeshaiweka kwenye flashi tangu juzi, msije mkanilaumu.

Idi: Safi sana. Hebu nitumie picha ya kilichomo kwenye flashi.

Shangazi Rehema: 📷 Picha

Idi: Shangazi

Idi: Hilo faili ni KB 2.

Shangazi Rehema: Ni dogo, ndiyo. Limeingia upesi.

Idi: Miaka mingapi ya hesabu?

Shangazi Rehema: Tisa

Salma: Oooh 🙈

Idi: Shangazi, angalia ile picha ya programu. Pembeni chini kuna kimshale kidogo kimejikunja?

Shangazi Rehema: Kipo. Hata pale kwenye kompyuta kipo. Nilidhani ni urembo.

Idi: Hicho ni kibao cha kuonyesha njia. Umekinakili kibao, nyumba imebaki ilipokuwa. Ungefuta Windows leo ungebaki na flashi inayosema "hesabu ziko kule", na kule hakuna kitu.

Shangazi Rehema: Yallah! Na ile flashi nimeitunza kwenye kabati nimefunga kwa ufunguo!

Mama: Wifi pole 😂 kibao kimelindwa vizuri

Idi: Fungua programu yenyewe, kwenye menyu ya faili lazima kuna sehemu ya kutoa nakala. Iambie iweke kwenye flashi. Halafu flashi hiyo ipeleke kwa baba, mfungue kwenye kompyuta yake mwone kama namba zinasomeka. Programu ya kusakinisha na namba yake ya leseni unazo?

Shangazi Rehema: Leseni niliiandika nyuma ya daftari la mwaka 2017. Nalitafuta.

Mjomba Hamisi: Jamani mimi mbona hamniulizi? Au Windows 7 haina ndugu?

Salma: Mjomba wewe tusikusumbue na Windows. Unatumia intaneti, picha na barua tu. Nikupe Linux Mint, mfumo mwingine unaoshika nafasi ya Windows, kwenye flashi, kompyuta iwake kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski yako. Ukiipenda tunaiweka, ukiichukia unachomoa. Mint 22 ina viraka mpaka 2029

Mjomba Hamisi: Bei?

Salma: Bure

Mjomba Hamisi: Aaah. Hapo endelea kuzungumza.

Idi: Shangazi, huyu mjomba usimwige, programu yako ya hesabu imeandikiwa Windows tu.

*Jumapili*

Shangazi Rehema: Nakala mpya. MB 214. Nimeifungua kwa kaka, nimeona hadi ile michango ya Machi 2019 tuliyogombania. Leseni nimeipata. Viraka vya ziada nimejiandikisha, sikulipa. Nimeandika kwenye kalenda: Machi kutafuta kompyuta.

Idi: 👏👏

Baba: skana yangu programu ya 11 ipo. nimepakua. nakusubiri jumapili

Mama: Na BIOS hajaingia tena, namlinda

Mjomba Hamisi: Salma, flashi yako imewaka. Naona alama ya kijani. Nimefungua ile tovuti ya habari, imefunguka yote na picha zake.

Mjomba Hamisi: Sasa picha zangu za harusi ziko wapi?

Salma: Kwenye diski yako mjomba, hazijaguswa. Fungua lile folda la Home halafu kushoto utaona jina la diski

Mjomba Hamisi: Nimeziona. Shemeji, ulikuwa mwembamba!

Shangazi Rehema: *Ujumbe huu umefutwa*