Selfu inalia "tik tik" tu, engine haizunguki

Mdau_Kizota: Wakuu, pikipiki 150cc, betri ya maji. Asubuhi selfu haizungushi, taa zinafifia. Kwa kiki inawaka. Ninunue betri mpya?

Fundi_Nkuhungu: Usinunue bado. Angalia maji kwanza, kiangazi cha Dodoma kinayakausha haraka. Yakiwa chini ya mstari wa chini, ongeza maji safi ya betri, kamwe usiongeze asidi. Chaji taratibu: betri yenye ujazo wa Ah 7 (ampea-saa) ipe ampea 0.7, kwa muda wa saa 10 hivi. Iache ipumzike, kisha pima volti kwa mita. Volti 12.6 kwenda juu, imejaa. Sasa bonyeza selfu huku mita imeshika: ikiporomoka chini ya 9.5, betri imechoka, nunua.

Umeme_AreaC: Mkuu, kabla ya yote safisha vichwa vya betri. Ule unga mweupe unazuia umeme. Mwagia maji ya magadi, piga brashi, kaza nati. Kagua pia waya wa ethi (ule wa hasi wa betri) kwenye engine.

Fundi_Nkuhungu: Kweli kabisa. Halafu washa, piga resi ya wastani, upime tena: iwe 13.5 hadi 14.8. Ikibaki 12, shida ni rektifaya (kifaa kinachodhibiti umeme unaochaji betri) au koili ya chaji (inayozalisha umeme huo), na betri mpya utaiua vilevile. Ikizidi 15, rektifaya ndiyo inayochemsha maji.