Tamthilia za anga zinazorudi mwanzo: wewe ulianza na ya zamani au mpya? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma, Mwanga. Nimemaliza msimu wa kwanza wa Star Trek: Strange New Worlds na sina wa kuongea naye, ndiyo maana nimeuleta uzi huu.

Kwa ambao hawajaiona: Star Trek ya kwanza ilianza kurushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 na kukoma 1969, epsodi 79. Hii mpya ilianza Mei 2022, lakini hadithi yake inarudi nyuma, miaka kabla ya Kapteni Kirk wa ile ya kwanza, meli ileile ya anga, Enterprise, ikiwa mikononi mwa Kapteni Pike.

Tumezoea kusema stelingi hafi. Pike hafi kweli, ila amekwisha kuoneshwa ajali itakayomlemaza. Sisi tulioanza na ya zamani tulimwona tangu 1966: yuko kwenye kiti, uso umeungua, hawezi kusema, taa inawaka mara moja kwa "ndiyo" na mara mbili kwa "hapana". Basi kwenye hii mpya, kila akiwapikia wenzake, mimi macho yangu yapo kwenye mikono yake. Watu husema ukijua mwisho, utamu umekwisha. Kwangu ndipo ulipoanzia.

Ninyi je?

Binti Ujiji:
Mimi nilianza na mpya, na kilichonishika ni Uhura. Nafundisha Kiswahili, kwa hiyo lile jina lilinisimamisha: limetoka kwenye neno letu, uhuru. Nikaitafuta ile ya zamani kwa ajili yake tu.

Epsodi ya kwanza kabisa kurushwa, kuna kiumbe kinajigeuza mwanaume mweusi na kumsemesha Kiswahili. Mwaka 1967 kuna nyingine ambapo anafutwa kumbukumbu zote; wanamfundisha upya kusoma Kiingereza, na Kiswahili kinamtoka chenyewe. Niliirudia mara tatu. Lakini zaidi ya hapo, muda mwingi yupo kwenye meza yake ya mawasiliano, anapokea ujumbe. Katika zile 79 hata jina lake la kwanza, Nyota, halitajwi.

Hii mpya imerudi kumlipa deni. Tunamkuta bado mwanafunzi, Mkenya, anazungumza lugha 37, wazazi na kaka yake wamekufa ajalini, amelelewa na bibi. Mezani kwa kapteni anasema wazi kwamba hana hakika kama kazi hii anaitaka. Hapo nililia, nami nimelelewa na bibi.

Nichelle Nichols, Uhura wa kwanza, alifariki tarehe 30 Julai 2022, wiki tatu tu baada ya msimu huo kumalizika.

Kibirizi Moja:
Mimi nilishindwa, wakuu. Niliwekewa zote mbili kwenye flashi moja, nikaanza na mpya. Kuhamia ya zamani naona vitufe kama pipi na kuta za mbao. Meli ya miaka ya nyuma inawezaje kuwa na mitambo mizuri kuliko ya baadaye? Nikaacha.

Mzee wa Gati:
Mwanangu wa Kibirizi, wewe unaishi kando ya jibu. Meli yetu ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa hapa vipande vipande kwenye makasha na kuunganishwa hapahapa Kigoma. Iliingia ziwani 1915 kwa jina jingine, Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Baadaye mvuke ukatolewa, ikawekwa dizeli. Nani kati yetu amewahi kusema hii siyo ile? Nami nilikuwa na shaka kama yako, nikaizoea Enterprise mpya kwenye epsodi ya tatu. Tazama watu waliomo, vitufe viache.

Mleta uzi:
Shikamoo mzee, hilo sikuliwaza kabisa.

Niongeze kuhusu epsodi ya mwisho ya msimu. Pike anaamua kuandika barua ili kuwaepusha vijana watakaokuwa kwenye ajali, naye apone. Anatokewa na yeye mwenyewe wa miaka ijayo, mwenye umri mkubwa zaidi, kumwonesha yatakayofuata: tukio la Waromulan, maadui zao, ambalo tuliliona Desemba 1966 likiwa na Kirk linarudiwa, safari hii Pike ndiye kapteni. Upole wake unazaa vita, na Spock, ofisa wake, anaumia vibaya. Barua inafutwa. Nilikuwa natazama na mdogo wangu wa kidato cha pili, akasimama kabisa: "Sasa si aache kazi tu, arudi nyumbani?" Sikumjibu.

Tangu Jumamosi tumeanza ile ya 1966, mimi na yeye, epsodi moja kila usiku. Kile kiti kipo kwenye ya 11. Leo tuko ya 8, na bado sijamwambia.