Binokula au skopu ya stendi kwa kuchora ndege, nichukue ipi?

Mchoraji_Sakina: Wakuu habari za leo. Nimechoka kuchora ndege kwa kukadiria, mpaka nimuone vizuri kashapaa. Nina hela ya kitu kimoja tu, kuna jamaa anauza binokula 8x42 (inavuta mara 8, lenzi za mbele milimita 42) na mwingine ana skopu, ile darubini ya jicho moja, na stendi yake, wote wanataka jibu kabla ya Jumamosi. Nichukue ipi?

Mama Furukombe: Unachora wapi? Ndege gani? Bajeti je, una usafiri? Mnaomba ushauri huku nusu ya habari mmeificha.

kibosho_mjini: Binokula, funga mjadala. Na usidanganywe na wanaotaka ya kuvuta mara 10, inavuta zaidi kweli ila mkono ukitikisika kidogo tu ndege anacheza singeli.

Mzee wa Tengeru: Nakataa. Binokula inakula mikono yote miwili, penseli utashika kwa mdomo? Skopu unaifunga kwenye stendi, unakaa kwenye kigoda, jicho kwenye lenzi mkono unachora. Pale ziwa Duluti mnandi akitoka majini anatanua mabawa yakauke, unamchora mpaka kucha. Muulize muuzaji, sehemu ya kuchungulia imepinda au imenyooka? Iliyopinda ndo ya mchoraji, unainamisha kichwa na karatasi iko hapo hapo chini ya pua.

Mchoraji_Sakina: Natembea kwa daladala mzee wangu, nachora hapo Duluti na migombani huku nyumbani. Bajeti naona aibu kuitaja.

dada_wa_usa: Skopu na stendi kwenye daladala la asubuhi, haya. Ngoja niwasimulie. Nilinunua skopu iliyotumika kwa jamaa mmoja, kaifuta inang'aa, kanionesha juani saa saba mchana kila kitu safi. Nikaja nayo huku Usa River nichore hondohondo, yuko juu kwenye mkuyu kivulini anakula matunda, nachungulia naona ukungu tu wenye mdomo mkubwa. Nimefuta, nimepuliza, nimevua miwani, wapi. Kuipeleka kwa fundi wa kamera kamulika tochi upande wa pili, ndani fangasi wametanda nyuzi nyuzi. Kumpigia muuzaji simu inaita weee, baadaye haipatikani kabisa. Mulika tochi KABLA hujatoa hela.

kibosho_mjini: Fangasi hata binokula wanaingia dada, usiisingizie skopu.

dada_wa_usa: Si wewe uliyesema funga mjadala?

Ngarenaro_boy: Kwani kuchora kwa picha ya simu kuna ubaya gani? Mnajitesa bure.

Mzee wa Tengeru: Picha inakupa mkao mmoja, kijana. Mimi naanza michoro mitatu minne ukurasa mmoja, akigeuka nahamia mwingine, akirudia mkao wa kwanza narudi pale nilipoachia. Na huwa wanarudia.

Ngarenaro_boy: Sawa, ila heroe wa maziwa ya Momella watakusubiri? Na kiingilio cha hifadhi juu.

Mama Furukombe: Mimi nachora kunguru wa soko la Kilombero hapa Arusha bila chombo chochote, wanasogea mpaka miguuni, ile kola nyeupe shingoni naiona hadi unyoya mmoja mmoja. Kinachonitesa ni karatasi, daftari la kawaida ukigusa rangi ya maji tu linajikunja.

kibosho_mjini: Chukua karatasi nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba.

dada_wa_usa: 300 daftari zima unabeba tofali, mimi natumia 200 na rangi naiweka nyepesi.

Mama Furukombe: Hiyo 200 unaipata duka gani hapa mjini? Nimezunguka sijaiona.